Acheni Kuniambia "Ni Vaibu Tu"

Wasee wangu wa Migori, Homa Bay na kwingine kote, leo sina mzaha. Leo nataka tugombane kidogo.

Kila nikiweka wimbo hapa, komenti zinafuatana kama boda za stendi: moto, kali, vaibu, imeweza. Sawa. Nikiuliza imeweza aje, kimya. Nikiweka wimbo ambao hamjauzoea, taarab ya Zanzibar ama muziki wa Wakuria wa hapa tu kwetu, zinakuja zile zingine: kelele, inaboesha, mbona unajirudia, mbona sauti imepinda hivyo. Nikiuliza umesikia nini hasa, kimya tena.

Kiswahili kimetupa maneno mawili, kusikia na kusikiliza, na sisi tumebaki na la kwanza peke yake. Tunasikia muziki kutwa nzima, kwa matatu, kwa kinyozi, kwa simu, matangani, halafu hatuwezi kutaja vitu vitatu vilivyotokea ndani ya wimbo mmoja. Halafu bado tunatoa hukumu. Hiyo ndiyo vita yangu leo. Sisemi lazima upende kila muziki wa dunia. Nasema huna haki ya kuuita kelele kabla hujajua unafanya nini.

Najua mtauliza mimi ni nani wa kuwaambia. Basi niwaambie venye nilijiaibisha.

Desemba iliyopita rafiki yangu Mkuria alinialika kwa harusi ya binamu yake, upande wa Kehancha. Kwa wale hamjui kaunti yetu, Migori si Wajaluo peke yao. Ukishika barabara ya Isebania halafu ukate kuelekea Kehancha, salamu zinabadilika, chakula kinabadilika, na muziki unabadilika. Mimi nimelelewa Homa Bay mjini, sai nimepanga chumba Migori. Nilikuwa nimekaa karibu na Wakuria miaka miwili na sijawahi kusikiliza wimbo wao mmoja mpaka mwisho.

Kwa hiyo harusi kulikuwa na mzee anapiga litungu. Hamjui litungu? Ni chombo cha nyuzi nane, kina bakuli kubwa la mbao lililowambwa ngozi, na sauti yake ni nzito mpaka unaisikia kwa kifua kabla haijafika kwa sikio. Wachezaji walikuwa wamevaa viatu vizito vya mbao, wakikanyaga chini pamoja. Mimi nilitoa simu, nikarekodi sekunde arobaini, nikaandika juu yake: "Wimbo mmoja, saa tatu. Nani ataniokoa?" Nikapakia nikiwa bado pale pale, sahani ya nyama kwa magoti.

Ile klipu ilienda. Kwa akaunti yangu ndogo, hiyo ilikuwa siku kubwa. Mlicheka nyote. Wengine wenu mliongeza maneno ambayo siwezi kurudia hapa.

Rafiki yangu hakucheka. Alinyamaza siku tatu, halafu akaniambia, "Twende ukamsalimie babu." Yule mpigaji alikuwa ndugu ya babu yake. Tukaenda. Klipu alikuwa ameshaonyeshwa. Nilidhani nitafukuzwa. Mzee alinipa kiti, akaniuliza kwa Kiswahili swali moja tu.

"Mjukuu wangu, ulikaa pale muda gani?"

"Karibu saa nzima, babu."

"Basi niambie. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa unafanya nini?"

Sikuwa na jibu. Saa nzima nimekaa hatua tano kutoka kwake, nimerekodi, nimepakia, nimesambaza, na sikujua kama mkono wa kushoto ulikuwa unafanya kitu chochote.

Akachukua litungu. Akapiga mkono wa kushoto peke yake: nyuzi chache nzito, zikizunguka na kurudi mahali pale pale kama mtu anayepiga doria. Akasimama. Akapiga wa kulia peke yake, na huo haukuzunguka kabisa, ulikuwa unapanda na kushuka. Akasema, "Huu unaongea." Halafu akaunganisha yote miwili na kuanza kuimba, na kwa mara ya kwanza nikasikia kwamba kile nilichokiita "kujirudia" kilikuwa mkono mmoja tu. Ule mwingine ulikuwa unafuata maneno, na maneno hayakurudi hata mara moja.

Nikamuuliza rafiki yangu, maneno yenyewe yanasema nini? Akatafsiri. Siku ya harusi mzee alikuwa akitaja koo za wageni, mmoja baada ya mwingine, akiwashukuru kwa kuja. Na katikati, pale pale ambapo mimi nilikuwa narekodi, aliweka ubeti kwa vijana waliotoka upande wa ziwa, akiomba barabara iwarudishe salama.

Vijana wa ziwa walikuwa wawili tu pale. Mmoja alikuwa mimi. Wimbo niliouchekelea mbele ya watu wote hawa ulikuwa unanikaribisha.

Tangu siku hiyo sitaki tena kusikia neno vaibu likitumika kama maoni. Vaibu ni kitu mwili wako unafanya. Maoni ni kitu unaweza kueleza.

Sasa najua wengi wenu mtasema nini: "Buda, muziki ni wa kuhisi. Ukianza kuchambua unaua raha."

Uongo. Na mnajua ni uongo, juu kila Jumatatu mnanithibitishia. Nendeni kwa kibanda chochote cha chai Rongo, Awendo ama Oyugis siku moja baada ya mechi. Mvulana ambaye hajamaliza shule anakueleza kwa nini beki wa kulia aliachwa nyuma, nani alipaswa kushuka kusaidia, kocha alibadilisha nini dakika ya sitini, na kwa nini lile bao lilianzia kwa pasi ambayo hakuna mtu aliitazama. Huo ni uchambuzi. Kuna mtu amewahi kumwambia aache juu anaua raha ya mpira? Hakuna. Kadiri anavyouona mchezo ndivyo anavyoupenda zaidi, na ndivyo anavyoheshimu hata timu asiyoishabikia. Macho yetu tumeyasomesha. Masikio tumeyaacha kijijini.

Tuanze na nyumbani, kabla sijawapeleka Zanzibar na Korea. Wengi wenu mmelala na kuamka na benga tangu mko mgongoni kwa mama. Swali: gitaa la benga linafanya nini wakati mwimbaji anaimba? Tuseme unasikiliza D. O. Misiani na Shirati Jazz. Huyu ni mtu wa karibu na sisi kabisa. Alizaliwa 1940 upande wa Shirati, Tanzania, ng'ambo tu ya mpaka wetu wa Migori, akafanya kazi yake kubwa huku Kenya, akafariki kwa ajali ya barabarani Kisumu mwaka wa 2006. Weka wimbo wake wowote. Mwimbaji anatoa sentensi, gitaa linamjibu. Anatoa nyingine, linamjibu tena, kwa njia inayofanana na sentensi yenyewe. Besi nayo haijajificha chini ikifanya kazi ya kushikilia tu. Inarukaruka, inakatiza, ina maneno yake. Halafu waimbaji wananyamaza na magitaa yanabaki peke yao, yanapanda, na hapo ndipo shangazi yako anatoka jikoni na mwiko mkononi. Hatoki juu ya bahati. Huo wimbo umejengwa ili atoke dakika hiyo.

Na kwa nini gitaa la benga linadonoa sauti moja moja badala ya kukwaruza nyuzi zote kwa pamoja? Juu wapigaji wetu wa miaka ya 1950 na 1960 walikuwa wamekua na nyatiti masikioni. Waliposhika gitaa, vidole vilikumbuka. Sasa rudi nyuma umsikilize mpigaji wa nyatiti na uhesabu kazi zake. Nyuzi nane, mikono miwili. Kwa kidole gumba cha mguu kuna pete ya chuma, na anaigonga kwa mti wa chombo. Mguuni kuna gara, zile njuga, zinalia kila akitikisa mguu. Na juu ya yote hayo anaimba. Mtu mmoja, bendi nzima. Ukimwambia "vaibu" utakuwa umemlipa nini?

Ohangla pia msiniambie mnaijua kwa sababu mnaicheza. Zile ngoma asili yake ziliwambwa ngozi ya kenge, na sai kinanda cha umeme kimeingia katikati. Kazi yenu ni hii: mkisikiliza ohangla ya sasa, sikilizeni mkono wa mpiga kinanda. Anaiga nini? Wakati mwingine anafanya kazi ya orutu, ule mfyuzo wa uzi mmoja unaonung'unika na kusaga sauti pamoja na mwimbaji. Chombo kimebadilika, lakini tabia imebaki. Usiposikiliza hivyo utadhani muziki wetu wa zamani umekufa, kumbe umebadilisha nguo tu.

Sasa tutoke nje. Hapa ndipo mnanikasirisha zaidi.

Niliweka hapa taarab ya kundi la Culture Musical Club la Zanzibar. Mmoja wenu akaandika kwamba "kinanda chao kimeharibika, sauti haiko sawa." Hicho si kinanda, ni kanuni, chombo cha nyuzi zaidi ya 70 kinacholazwa mapajani, chenye vijiti vidogo vidogo vya kupandisha na kushusha uzi kiasi kidogo sana. Vijiti hivyo vipo kwa sababu muziki wa Waarabu, ambao taarab imechota kwake, unatumia maqam, na ndani ya maqam nyingine kuna sauti zinazokaa katikati ya vibonye viwili vya piano. Hazijapinda. Ziko mahali pake hasa. Kilichopinda ni sikio lako, lililolelewa na kinanda cha kanisa na sauti za nyota wa TikTok zilizonyooshwa na kompyuta mpaka zote zimesimama mstari mmoja kama wanafunzi wa asubuhi.

Na msije na ile ya "hiyo ni ya watu wa pwani, haituhusu." Siti binti Saad, mwanamke aliyezaliwa maskini kisiwani Unguja, alivuka bahari kwenda Bombay mwaka wa 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili. Kwa Kiswahili, hii lugha mnayonitukania nayo kwa komenti. Kama inakuhusu kutukana, inakuhusu kusikiliza.

Nyinyi wa Korea nawajua pia. Mmejaza simu K-drama, mnajua majina ya kila mwanachama wa kila kundi, siku zake za kuzaliwa na chakula anachopenda. Kuna mmoja wenu amewahi kusikiliza pansori? Ni muziki wa zamani wa huko huko Korea: mwimbaji mmoja na mpiga ngoma mmoja, hadithi moja ndefu inayoweza kuchukua masaa. Sauti ya mwimbaji inakwaruza makusudi. Ukiisikia mara ya kwanza utasema huyu ana homa. Lakini sikiliza kitu kimoja: mpiga ngoma na watazamaji wanapaza sauti katikati ya wimbo, vineno vifupi vya kumtia moyo. Hawamsumbui. Wamo ndani ya muziki, na wasipofanya hivyo kuna kitu kinapungua.

Sasa niambieni, hiyo haiwakumbushi chochote? Mjaluo yeyote aliyewahi kukaa tangani usiku anajua pakruok. Mtu anasimama, anaweka noti, muziki unasimama, anajisifu, anamsifu rafiki yake ama watu wa kwao, halafu muziki unaendelea. Mgeni akiona hivyo anasema watu hawa hawana adabu, mbona wanakatiza wimbo? Sisi tunajua kwamba wimbo bila pakruok ni nusu ya wimbo. Kumbe nusu dunia mbali na hapa kuna watu wengine ambao kwao msikilizaji naye ana kazi ya kufanya.

Lakini usikimbilie kusema ni kitu kimoja. Chambua. Kwenye pansori kile kilio kinamsukuma mwimbaji mbele na wimbo hausimami. Kwenye pakruok wimbo unasimama, na kwa dakika hiyo msikilizaji ndiye nyota. Ukishaona mahali panapofanana na mahali panapoachana, hapo ndipo umeanza kusikiliza. Kufanana peke yake ni uvivu. Tofauti peke yake ni dharau.

Kuna wengine wasomi kidogo wataniambia, "Huo uchambuzi ni mambo ya Wazungu, Mwafrika aliucheza tu muziki wake." Hii inaniudhi kuliko zote, juu imevaa nguo za uzalendo. Yule mzee wa litungu hakuniuliza kama naweza kusoma nota. Aliniuliza mkono wa kushoto ulikuwa unafanya nini. Huo ni uchambuzi, na hakuutoa London. Wazee wetu wanajua nani alipiga nyatiti vizuri na nani alipapasa tu, na wanaweza kukuambia kwa nini. Tulioacha ni sisi.

Na tulianza kuacha shuleni. Nilikuwa kwa kwaya ya shule kwa ajili ya Tamasha la Muziki la Kenya. Tuliimba wimbo wa asili wa jamii nyingine, tumefungwa lesso, tumepakwa rangi usoni, tumefundishwa kila hatua. Tulifika ngazi ya mkoa. Mpaka leo sijui tulikuwa tunasema nini. Hakuna mtu alituambia na hakuna kati yetu aliyeuliza. Tulifundishwa kutabasamu mahali fulani kwa sababu mwamuzi anatoa alama za tabasamu. Huo ndio mwanzo wa ugonjwa: kubeba muziki wa mtu mdomoni bila kuufungulia mlango wa sikio.

Linganisheni na wasichana wa Kipsigis wa Kapkatet, huko juu tu kwa majirani zetu. Mwaka wa 1950 Hugh Tracey alipita kule na mashine yake ya kurekodi, akakuta wanaimba wimbo unaoitwa "Chemirocha". Jina hilo limetoka kwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye sauti yake ilifika kule kwa santuri. Wasichana wale hawakuwa na intaneti wala bando. Walisikia sauti ya mbali, wakaikalia, wakaigeuza ikawa kiumbe nusu mtu nusu swala, wakaipigia kibugandet, chombo chao cha nyuzi, na kuiimba kwa mtindo wao. Miaka zaidi ya sabini iliyopita, vijijini, watu waliusikiliza muziki wa dunia na wakaujibu. Sisi tuna dunia nzima mfukoni na tunajibu kwa kiemoji cha moto.

Na hili jambo lina pesa ndani, kama mnataka niongee lugha yenu. Mnaujua "Kothbiro"? Mvua inakuja. Ni wimbo wa Kijaluo uliotoka kwa kundi la Black Savage miaka ya 1970. Ayub Ogada akaurudia na nyatiti yake kwenye albamu ya 1993 iliyotolewa Uingereza na Real World. Ukaingia kwenye filamu ya "The Constant Gardener" mwaka wa 2005. Mwaka wa 2018 Kanye West akauchukua akauweka ndani ya "Yikes". Wangapi kati yenu walicheza "Yikes" kwa spika za hosteli bila kujua kwamba ndani yake kuna Wakenya? Mtu wa Marekani alikaa akachimba, akasikia kitu. Mjaluo wa Homa Bay alikipita njiani. Na Anyango, yule dada wa Japani, alitoka Tokyo akaja Siaya kukaa kijijini kwa mwalimu wa nyatiti mpaka akajua kuipiga, chombo ambacho kwa desturi kilikuwa cha wanaume. Simlaumu hata kidogo. Alisikiliza. Najilaumu mimi niliyekuwa na shule hiyo kwa mwendo wa matatu moja na sikuingia.

Haya, nisije nikaonekana nalalamika tu. Hivi ndivyo ninavyofanya sasa, na hakuna cheti kinachohitajika.

Kwanza, mpe wimbo nafasi mara tatu. Mara ya kwanza usifanye kitu kingine. Simu weka chini, usirekodi, usiandike. Wimbo mmoja ni dakika tano; umeshapoteza nyingi zaidi leo kuangalia watu wakigombana.

Mara ya pili, chagua sauti moja na uifuate peke yake mpaka mwisho. Besi, ama ngoma ndogo, ama ule mkono wa kushoto. Itakuwa ngumu, sikio litataka kukimbilia kwa mwimbaji. Lirudishe.

Mara ya tatu, tafuta mzunguko. Gonga mezani. Unarudi mwanzo baada ya pigo la ngapi? Si kila muziki unahesabu nne. Wahindi wa kaskazini wana mizunguko ya mapigo 16, na pia ya 7, na watazamaji wao wanaihesabu kwa viganja wakiwa wamekaa. Ukishajua mzunguko unaisha wapi, uliza: ni nini kinarudi vile vile, na ni nini hakirudi? Nawahakikishia, kila mahali mlipoandika "inajirudia" kuna kitu hakirudi. Hicho ndicho wimbo wenyewe.

Halafu angalia nani anaita na nani anaitika, na msikilizaji anatarajiwa kufanya nini. Acheze? Anyamaze? Apige makofi? Aweke noti? Alie? Wimbo wa kilio ukiupima kwa kipimo cha klabu utafeli, na si kosa la wimbo.

La mwisho, na ndilo nililolikosa mimi: muulize mwenyewe. Kama wimbo una watu, na watu hao wanaishi kilomita arobaini kutoka kwako, wanapanda matatu moja na wewe, wananunua sukari duka moja na wewe, huna kisingizio. Uliza maneno yanasema nini. Dholuo na Kikuria zote mbili ni lugha ambamo kupanda na kushuka kwa sauti kunabeba maana, na mara nyingi wimbo hufuata njia hiyo hiyo. Huwezi kuielewa tuni ukiyatupa maneno.

"Na kama baada ya yote hayo bado siupendi?" Basi usiupende! Mimi mwenyewe nimesikiliza pansori mara nyingi na bado siwezi kumaliza masaa yote. Lakini sai nikisema siupendi najua ni nini kinanishinda, na najua ni mimi ninayeshindwa. Hiyo ni tofauti kubwa na kusema hawa watu wanapiga kelele.

Na tofauti hiyo si ya muziki tu. Tunaishi kaunti ambapo ukitaka kura unawaambia watu kwamba majirani zao si watu wa maana. Mnajua zile siku. Mnajua maneno yanayosemwa kwa vibanda, kuhusu Wakuria, kuhusu Wajaluo, kuhusu Wasuba, kuhusu kila mtu. Yanaanza na vitu vidogo: lugha yao ni ngumu, chakula chao kinanuka, muziki wao ni kelele. Mimi nilichangia sekunde arobaini kwa hiyo kazi, na nyinyi mkaisambaza. Sidai kwamba litungu litaleta amani. Nadai kwamba mtu uliyemsikiliza mpaka ukajua mkono wake wa kushoto unafanya nini ni vigumu zaidi kumfanya kichekesho.

Ile klipu ya zamani sijaifuta. Rafiki yangu aliniambia niifute, babu akasema niiache. "Iweke kando ya mpya," akasema, "watu waone njia uliyotembea." Kwa hivyo leo nimepakia nyingine. Ni dakika sita, na kwa ruhusa yake. Dakika mbili za kwanza mkono wa kushoto peke yake, mbili zinazofuata mkono wa kulia, halafu yote pamoja na sauti. Maneno nimeyaandika chini kwa Kiswahili, na rafiki yangu ameyapitia.

Sitaki kuona moto. Sitaki kuona vaibu. Sikilizeni mara tatu, halafu mniandikie kitu kimoja mlichokisikia mara ya tatu ambacho hamkukisikia mara ya kwanza. Kimoja tu. Nitamsomea babu komenti zenu zote Jumapili.